Nyumba Inayojijenga: Uhakiki wa Dai Moja katika Usanifu Majengo

Wasomaji wetu wamezoea kuona neno uhakiki likiambatana na riwaya, tamthilia na ushairi. Hata hivyo jengo nalo ni kazi ya sanaa. Lina fani na lina maudhui. Lina mtunzi, na lina hadhira ambayo, tofauti na hadhira ya riwaya, haiwezi kulifunga na kuliweka rafuni pindi ichokapo nalo. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kulichunguza dai moja ambalo limekuwa likitolewa na baadhi ya wasanifu majengo wa Marekani na Ulaya tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20. Dai lenyewe ni kwamba wakati unakuja, na pengine umekwisha kufika, ambapo nyumba haitajengwa na mtu: itajijenga yenyewe, kuanzia kwenye chembe zake ndogo kabisa.

Tutaziangalia kazi mbili hasa. Ya kwanza haikujengwa kamwe. Ni michoro ya nyumba aliyoibuni John M. Johansen na kuichapisha mwaka 2002 katika kitabu chake kiitwacho Nanoarchitecture. Ya pili ilijengwa, na watu wakaingia ndani yake. Ni mnara ulioitwa Hy-Fi, uliosimamishwa mjini New York mwaka 2014. Ni rahisi kuzitaja kazi hizi pamoja kana kwamba ni hatua mbili za safari moja, ya kwanza ikiota ndoto na ya pili ikianza kuitimiza. Sisi tunaona kwamba zinakwenda njia mbili tofauti.

Kabla ya kuzigusa kazi zenyewe, hatuna budi kusema machache juu ya sayansi inayohusika. Nanomita ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Tarehe 29 Desemba 1959 mwanafizikia Richard Feynman alitoa mhadhara katika chuo cha Caltech, California, akaeleza kwamba haoni kanuni ya fizikia inayomzuia mwanadamu kuzipanga atomu moja moja. Jina la nanoteknolojia lilikuja baadaye, kwa Mjapani Norio Taniguchi, mwaka 1974. Kisha mwaka 1986 K. Eric Drexler, katika kitabu chake Engines of Creation, akavieleza vijimashine vidogo mno ambavyo vingeweza kuunganisha molekuli kwa amri, na hata kuunda vijimashine vingine vya aina yao.

Wazo la vitu kujipanga vyenyewe ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huchanganywa na hilo. Tuchukue mfano wa sabuni. Kila molekuli ya sabuni ina upande mmoja unaopenda maji na upande mwingine unaoyakimbia. Zinapotiwa majini, molekuli hizo hujipanga, zile pande zinazokimbia maji zikielekeana, hata kutokea vitufe vidogo visivyoonekana kwa macho. Na povu linapofura, ni tabia hiyo hiyo inayoushikilia utando wake mwembamba. Hakuna aliyeishika molekuli na kuiweka mahali pake. Utando unaozunguka kila seli ya mwili wetu umejengeka kwa njia iliyo karibu na hiyo. Haya ni mambo ya kweli yasiyo na ubishi. Ubishi unaanza pale msanifu majengo anapoyachukua na kusema: basi nyumba nayo na iwe hivyo.

Johansen alizaliwa mwaka 1916 na kufariki mwaka 2012. Alikuwa mwanafunzi wa Walter Gropius katika chuo kikuu cha Harvard, na katika miaka ya 1960 alijipatia sifa kwa majengo ya zege yasiyofanana na ya mtu mwingine. Mojawapo ya yaliyo mashuhuri ni Mummers Theater, ukumbi wa tamthilia uliofunguliwa Oklahoma City mwaka 1970. Katika kazi hiyo aliligawa jengo vipande vipande: kila sehemu ikasimama peke yake, kisha zote zikaunganishwa kwa madaraja na njia za bati zenye rangi kali, mithili ya vipuri vya redio vilivyoungwa kwa nyaya. Mfano wenyewe aliutoa katika saketi za kielektroniki, naye hakuficha. Yafaa kulikumbuka hili, kwa maana linatuonyesha kwamba tangu zamani Johansen aliliona jengo kuwa ni muungano wa sehemu. Uzeeni aliliendeleza wazo hilo hilo mpaka mwisho wake: ikiwa jengo ni muungano wa sehemu, kwa nini sehemu hizo zisiwe molekuli?

Nyumba aliyoichora ameiwekea mwaka 2200. Mahali pa kujenga panawekwa pipa kubwa la kemikali. Ndani yake hutiwa msimbo wa maelekezo uliotungwa na msanifu kwa kuiga DNA, ile dutu inayobeba urithi wa viumbe. Kisha molekuli huanza kazi. Mizizi hupenya ardhini, mbavu huinuka, utando hutanda juu ya mbavu, mpaka nyumba ikamilike bila mwashi wala seremala kuigusa. Michoro ni mizuri, na hatuna haja ya kuinyima sifa yake. Umbo la nyumba hiyo linakaribia mmea kuliko sanduku, na mtu anayeitazama anavutwa kuamini kwamba ameona kitu chenye uhai.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia, pengine kuliko lugha ambayo Johansen mwenyewe aliitumia. Mwalimu wa sarufi anajua kwamba kitenzi jenga hakitoshi kukitaja peke yake. Ni lazima tuseme kiko katika kauli gani. Mwashi hujenga. Ukuta hujengwa. Udongo mzuri hujengeka, yaani una tabia ya kukubali kazi hiyo. Na kitu kinachojijenga ni kile ambacho mtenda na mtendwa ni mmoja. Kadhalika, mche huota, lakini ukiwa kitaluni huoteshwa, na nyuma ya neno huoteshwa kuna mtu mwenye ndoo ya maji. Tukiziuliza kazi zetu mbili swali hili dogo la kauli, mengi yatafichuka.

Nyumba ya Johansen inasemekana inajijenga. Lakini tuangalie maamuzi yako wapi. Kila ubavu, kila tundu la hewa, kila unene wa utando umekwisha kuamuliwa ndani ya msimbo kabla pipa halijafunguliwa. Molekuli hazina neno la kuongeza, zinakwenda zinakotumwa. Nyumba itakayotokea ni ile ile iliyochorwa, na ikitofautiana na mchoro itakuwa ni hitilafu. Kwa hiyo nyumba hii imeoteshwa, tena imeoteshwa kwa amri kali kuliko nyumba yoyote iliyopata kujengwa kwa mikono. Katika ujenzi wa kawaida, baina ya mchoro na ukuta wamesimama watu. Fundi hulitazama karatasi, akalitazama eneo, akasema: hapa maji yatapita, hapa boriti haitafika, mlango huu usogezwe. Si mara chache ambapo nyumba imekuwa bora kuliko mchoro wake kwa sababu ya mabishano hayo. Johansen ameyaondoa mabishano. Msanifu amebaki peke yake na vitu visivyoweza kumjibu, na hali hiyo ameipa jina la maisha.

Kuna kasoro ya pili, nayo ni ya kisayansi. Nyumba hiyo inategemea kazi ambayo Drexler aliwapa vijimashine vyake, yaani kuziunganisha molekuli kwa amri. Richard Smalley, mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1996, alilipinga jambo hilo hadharani mwaka 2001, na tena katika majibizano yake na Drexler yaliyochapishwa mwaka 2003. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka: vidole vya mashine ya namna hiyo navyo vingekuwa vimeundwa kwa atomu, kwa hiyo vingekuwa vinene mno kwa kazi hiyo, na tena vingenata kwenye kile vinachokishika. Drexler hakukubali. Tangu wakati huo mafanikio makubwa yamepatikana kwa njia nyingine, ile ya sabuni. Mwaka 2006 Paul Rothemund aliikunja DNA ikajipanga katika maumbo aliyoyakusudia, pamoja na sura za watu zinazocheka, kila moja ikiwa na upana wa nanomita 100 hivi. Ni kazi ya ajabu. Lakini baina ya sura ile na nyumba yenye upana wa mita 10 kuna tofauti ya mara milioni 100, na tofauti hiyo haizibwi kwa kalamu ya msanifu. Povu la sabuni halina uzito wa kubeba paa, wala halipigwi na upepo wa kusi mwezi wa Julai likabaki.

Hatusemi kwamba nanoteknolojia haijafika kabisa katika majengo. Imefika, ila kwa mlango mdogo. Kanisa la Jubilei alilolibuni Richard Meier mjini Roma, lililokamilika mwaka 2003, lina kuta za saruji nyeupe iliyochanganywa na chembechembe za dioksidi ya titani, ambazo zikipigwa na jua husaidia kuunguza uchafu unaotua juu yake. Hapo kazi ya chembe ndogo ni kufua ngozi ya jengo. Mifupa bado iliinuliwa kwa winchi na watu.

Sasa tuugeukie mnara wa Hy-Fi. Uliobuniwa na David Benjamin na ofisi yake The Living, ulishinda shindano la wasanifu vijana la jumba la sanaa la MoMA na tawi lake la PS1, ukasimama katika ua wa PS1 huko Queens kiangazi cha mwaka 2014. Ulikuwa na urefu wa mita 12 hivi, umbo lake likiwa mapipa matatu yaliyoingiliana, na ulitumia matofali yapatayo 10,000. Matofali yenyewe ndiyo habari. Yalitengenezwa na kampuni ya Ecovative ya jimbo la New York kwa mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na kuvu hai. Mchanganyiko ulitiwa katika kalibu. Nyuzi za kuvu zikatambaa baina ya vipande vya mabua, zikavila na kuvifunga pamoja, na baada ya siku tano hivi tofali likawa limeshikamana, jepesi mno, bila tanuri na bila saruji. Ukiuchunguza uzi mmoja wa kuvu utakuta kuta zake zimeimarishwa kwa nyuzi nyembamba zaidi, zenye unene wa nanomita chache tu, za dutu ile ile iliyomo katika magamba ya kamba na ya wadudu. Nyuzi hizo kuvu huzisokota zenyewe. Hapa basi, ndani ya tofali, pana kitu ambacho kweli kinajijenga.

Tukilitumia swali letu la kauli, jibu linakuja kwa ngazi. Uzi wa kuvu umejijenga. Tofali limeoteshwa, kwa kuwa umbo lake limetoka katika kalibu. Mnara umejengwa: matofali yalipangwa kwa mikono, safu juu ya safu, na watu waliosimama juu ya majukwaa, huku wahandisi wa Arup wakihesabu jinsi kitu chepesi namna ile kitakavyostahimili upepo. Tunauona utatu huu kuwa ndiyo sifa kubwa ya Hy-Fi, ingawa haikuwa sifa iliyotangazwa zaidi. Benjamin hakudai kwamba kuvu kimesanifu mnara. Alikipa kuvu kazi kinayoiweza, akaacha iliyobaki kwa kalibu, hesabu na waashi. Matofali ya juu kabisa yalikuwa ya aina nyingine, yamevikwa utando unaong'aa uliotengenezwa na kampuni ya 3M, nayo kwanza yalitumika kama kalibu za kuoteshea yale mengine kabla ya kupandishwa kileleni yawe vioo vya kurudisha mwanga chini. Kalibu kuwa sehemu ya jengo ni fikira nzuri, na ni ya fundi kuliko ya mwotaji.

Lakini kuna jambo ambalo Hy-Fi nao hauligusi, na ili kulieleza itatupasa tutoke New York twende kwenye kichuguu. Mwaka ule ule wa 1959 ambao Feynman alitoa mhadhara wake, mtaalamu wa wadudu wa Kifaransa, Pierre-Paul Grassé, alichapisha uchunguzi wake juu ya jinsi mchwa wa Afrika wanavyokijenga upya kiota chao kinapobomolewa. Aligundua kwamba mchwa hawana msimamizi, wala hawaambiani la kufanya. Kila mmoja huongozwa na kazi iliyokwisha kufanywa: kidonge cha udongo kilichowekwa mahali kinamshawishi mwingine aweke chake juu yake, na nguzo inayoanza kuinuka inavuta vidonge zaidi. Kazi ndiyo inayompa mfanyakazi maagizo. Mwanafunzi yeyote wa Tanzania aliyepata kuking'oa kilele cha kichuguu jioni, akakuta asubuhi kimekwisha kuzibwa kwa udongo mbichi, amekiona kile alichokieleza Grassé.

Mchwa wa jamii ya Macrotermes, ambao ndio wenye vichuguu vikubwa katika nchi zetu, hufanya jingine la kutushangaza tukikumbuka yale matofali. Ndani ya kiota hulima kuvu juu ya majani na vijiti walivyovitafuna. Mvua zinaponyesha, ni kuvu hicho kinachotoa ule uyoga mkubwa wa kichuguuni tunaoupika. Kwa mchwa kuvu ni shamba la chakula, wala si chokaa ya kuungia, kwa hiyo tusiseme kwamba Hy-Fi umenakili kichuguu. Ila mabaki ya mimea na kuvu vimekaa pamoja chini ya paa moja muda mrefu kabla ya sanaa ya Queens.

Tofauti iliyo muhimu ni hii. Kichuguu hakimaliziki. Mvua hukimomonyoa, mchwa hukijaza. Joto na unyevu hubadilika, nao hutoboa hapa na kuziba pale. Anayejenga ndiye anayekaa. Ondoa mchwa, na baada ya misimu kadhaa kinabaki kilima cha udongo. Wasanifu na wahandisi wanaposema wanajifunza kwa mchwa, mara nyingi hili ndilo wanaloliacha nyuma. Mwezi wa Februari 2014 watafiti wa Harvard, Justin Werfel, Kirstin Petersen na Radhika Nagpal, walionyesha roboti ndogo zilizopanga vipande na kuinua jengo bila msimamizi, kila moja ikifuata kanuni chache na kutazama tu kilichopo mbele yake. Ni kazi nadhifu, na Grassé angeifurahia. Hata hivyo umbo la jengo walipewa roboti tangu mwanzo, na kanuni zao zilitokana na umbo hilo. Mchwa hawakupewa. Banda la hariri la MIT la mwaka 2013, kazi ya Neri Oxman na wenzake, lilikaribia zaidi: viwavi 6,500 wa hariri walitambaa juu ya kiunzi cha nyuzi kilichofumwa kwa mashine, wakazidisha hariri pale palipowapendeza kwa mwanga na joto, na matokeo yakawa na jambo ambalo mchoro peke yake haukuwa nalo. Lakini viwavi nao hawakuja kukaa.

Kwa nini tulishikilie jambo hili mbele ya walimu na wanafunzi? Ni kwa sababu maneno haya yameingia katika mazungumzo ya vijana wetu wanaotaka kusomea uhandisi na usanifu, nao huyapokea kama sifa tupu. Nyumba inayojijenga inasikika kama ukombozi: hakuna kubeba zege kichwani, hakuna kuchimba msingi juani. Asiyetamani hayo hajawahi kuchimba msingi. Lakini nyumba ikitoka katika msimbo, msimbo una mwenyewe. Kampuni iliyotengeneza matofali ya Hy-Fi ina hataza juu ya njia zake, jambo ambalo ni la kawaida katika biashara na hatulilaumu. Tunataka tu lionekane. Mwenye nyumba ya miti na udongo ukuta wake ukipasuka anajua la kufanya, au anamjua jirani anayejua. Mwenye nyumba ya Johansen akitaka kuongeza chumba kwa ajili ya mama mkwe itambidi arudi kwa aliyeutunga msimbo. Katika maelezo ya namna hiyo mkaaji huonekana mwishoni, nyumba ikiwa imekwisha, akiingia kwa mlango ambao hakuuchagua.

Kwa upande huu Hy-Fi umekwepa mtihani. Ulijengwa kwa msimu mmoja wa muziki wa Jumamosi. Watu walikaa kivulini mwake, wakacheza, wakaenda zao. Hakuna aliyelala humo, hakuna aliyepika, hakuna aliyepigilia msumari katika tofali la kuvu ili atundike kalenda na kuona kama litashika. Hatuwezi kuuhukumu kama nyumba. Tunaweza kuuhukumu kama jengo lililofikiria mwisho wake mapema, na katika hilo umeyashinda mengi. Mwaka huo huo wa 2014 Mummers Theater, ambao ulikuwa umefungwa baada ya mafuriko ya mwaka 2010, ulibomolewa kule Oklahoma City, zege lake likivunjwa kwa mashine. Mnara wa Queens ulipoteremshwa, matofali yake yalisagwa, yakachanganywa na takataka nyingine za mimea, yakaoza yakawa mboji, na mboji ikapelekwa katika bustani za mtaani.